Ubao wa Ghala, Matamba

Fundi Luvanda kasimama na brashi,
rangi inaganda kwenye kopo kwa baridi,
ananiuliza: Nikate wapi?
Ubao hauzidi mikono miwili,
na neno lina herufi ishirini na tisa.
Kaka Obedi kalituma kutoka Uholanzi,
gogo zima, halijaonja msumeno:

aardappelpootgoedbewaarplaats.

Ghala la mbegu za viazi.
Kwetu ni maneno matano na nafasi za kupumulia.
Kwao wamebanana kama ndugu kitanda kimoja,
"la" na "za" hazikualikwa.

Luvanda alishajaribu kwenye mfuko wa saruji:
AARDAPPELPO
OTGOEDBEWA
ARPLAATS.
Hapana, nikamwambia.
Humkati mtu gotini ukasema umempumzisha.

Usiku nikampigia Obedi.
Akalipasua taratibu, nami nikaandika
kwa mkaa, ukutani mwa jiko:
aard, udongo. Appel, tofaa.
Tofaa la udongo!
Mama akacheka hadi akakohoa.
Miaka sitini anafukua,
hakuna aliyemwambia ni matofaa.

"Kalamu inakata aard-ap-pel," akasema kaka,
"inafuata maana. Mdomo haujali.
Mdomo unasema aar-dap-pel,
hiyo d inahama kwao, inalala kwa jirani."
Na uzito?
"Uzito ni wa kwanza. AARD.
Ukishamtwika yeye,
wengine wanafuata na vifurushi vyao."

Nikatazama moto.
Sisi mzigo wetu ni wa pili kutoka mwisho.
SHAmba. ShaMBAni.
Ongeza mtu nyuma, nao unashuka kumfuata.
Hata barabara yetu, ya kona hamsini na saba
hadi Chimala, irudishe sauti silabi moja
inakuwa barabara, yaani sawasawa,
kitu ambacho haijawahi kuwa.

Mama naye akalijaribu:
aridapeli potigudi bewari pilasi.
Kila konsonanti iliyokuwa uchi
akaivika irabu, kwa baridi hii.
Nane zikawa kumi na tano,
na mkazo akaushusha palepale, piLAsi,
kama anayetua ndoo.

Nane.
Nikarudi ukutani na mkaa wangu.
Aard, Obedi. Ap, Yeremia wa Makambako.
Pel, poot, goed, dada zangu watatu,
kila mmoja na mume wake na mashaka yake.
Be.
"Hiyo usiikazie," Obedi akasema, "inamezwa."
Be alizaliwa mwaka wa mvua ya mawe,
hakufika ubatizoni.
Mama akiulizwa watoto wangapi
husema wanane.

Waar ni mimi.
"Hapo pana mkazo pia," kaka akasema,
"mdogo, wa kusaidia."
Sikumjibu. Bati la ghala ni lake,
jina lake hutangulia kwenye sala,
na ni haki.
Mimi nampeleka mama Ikonda kila mwezi,
nachambua mbegu, iliyooza kushoto, inayochipua kulia,
hadi vidole havijui kipi ni kiazi
na kipi ni kidole.
Plaats yuko Uyole, anasoma. Kitindamimba.
Hajui bado.

Asubuhi nikampa Luvanda karatasi:

AARDAPPEL-
POOTGOED-
BEWAAR-
PLAATS

"Na hivi vistari?"
Viache. Bila hivyo
watu watadhani wamegombana.

Akapaka kuanzia juu, rangi ikiwa nyepesi.
Kufika mstari wa tatu ilikuwa uji mzito,
brashi ikavuta, ikarudia, ikavuta tena.
Ukungu wa Kitulo ulipoondoka, saa nne,
nikapiga picha nikaituma.

Obedi akajibu haraka: pazuri sana.
Ila mbona pale katikati
herufi zimekuwa nene kuliko za juu?

Nikamwandikia: baridi, kaka.